Jiliwa la Karakana Yetu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Nyololo)



Nimeombwa nieleze habari za jiliwa kubwa ambalo chama chetu kimelikabidhi leo kwa karakana ya shule. Mafundi wa mitaani huliita vaisi. Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini tumeleta chuma kikuukuu badala ya kipya. Nitajibu, lakini sharti nianze na jinsi lilivyopatikana.

Mwaka 2021 nilikwenda kikazi kwenye ghala moja la Serikali mkoani Iringa. Nyuma ya ghala, chini ya matairi mabovu, nililiona: upana wa taya zake inchi 8, nalo limeandikwa Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa chuma cha pua. Mtu mmoja pale akaniambia, "Mzee, chukua tu, hilo ni skrepa." Nakiri mbele yenu kwamba nilishawishika. Gari lilikuwapo na hakuna aliyekuwa akitazama. Lakini mali ya umma haigeuki kuwa ya mtu kwa sababu imeshika kutu. Niliondoka mikono mitupu, nikangoja miezi kumi na moja mpaka mnada wa hadhara ulipotangazwa. Nilishindana na wanunuzi wa vyuma chakavu, nikalipa, nikapewa stakabadhi. Stakabadhi hiyo iko mikononi mwa Mkuu wa Shule.

Kabla ya kulipa nililikagua. Jiliwa la aina hii ni la chuma cha kusubu, ambacho kikipigwa vibaya hupasuka. Nililipaka mafuta ya taa, nikalifuta likakauka, kisha nikalipaka vumbi la chaki. Penye ufa mafuta hutokeza tena na kuchora mstari juu ya chaki. Sikuona mstari. Nikazungusha parafujo mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa nzito kwa kutu, lakini hesi zake zilikuwa nzima. Hiyo ndiyo faida ya jiliwa la kale kama hili: lina uzito, na laweza kufunguliwa lote, likasafishwa kwa brashi ya waya, likatiwa grisi na kurudi kazini.

Kosa langu lilikuwa katika kulifunga. Kwa haraka nililikaza nyumbani juu ya meza ya mbao za paina, kwa skrubu mbili tu. Siku ya kwanza nilipobana bomba na kulipinda, skrubu ziling'oka, na jiliwa likaanguka hatua moja kutoka mguu wa mwanangu. Sikulala vizuri usiku ule.

Kwa hiyo hapa karakanani tumefanya vingine. Ubao ni wa mkaratusi, unene inchi 4. Miguu ya meza imezikwa katika zege. Bolti nne zimepenya ubao wote, na chini yake kuna bamba la chuma ili nati zisididimie. Taya ya nyuma imetokeza kidogo mbele ya ukingo wa meza, ili chuma kirefu kiweze kubanwa wima. Kimo chake ni usawa wa kiwiko cha kijana aliyesimama, apige tupa bila kuinama.

Vijana, msiligeuze fuawe. Msipige mpini wake kwa nyundo wala kuurefusha kwa bomba. Nguvu za mkono zinatosha. Kila Ijumaa lifutwe na parafujo itiwe mafuta.

Nyanda hizi zetu za Juu Kusini si ngeni kwa chuma. Wapangwa na Wafipa walikiyeyusha wenyewe na kufua majembe kabla ya wakoloni kufika. Na mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka mkono wa mwanafunzi ujue kazi sawa na kichwa chake. Mimi nina shahada ya Chuo Kikuu, lakini kufunga bolti nne nimejifunza nikiwa na miaka zaidi ya arobaini, baada ya kumponza mtoto wangu. Ninyi jifunzeni mapema.