Funga Daftari, Kisha Ujiulize

Mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, wazazi wengi hupima bidii ya mtoto kwa taa inayowaka hadi saa nane usiku. Kipimo hicho, msikilizaji, kina kasoro. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu viwili vya kusoma: kimoja wakakisoma tena, cha pili wakaandika walichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5 kilichosomwa tena kiliongoza; baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42 ya hicho, na 56 ya kile walichojiandikia. Ndiyo maana anayekesha na daftari hujiona ameiva, kisha maswali yakamtoa jasho.

Mtasema silabasi ni ndefu, usingizi lazima upunguzwe. Lakini usingizini ndipo ubongo huimarisha yaliyosomwa, na wataalamu hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa umri huu. Afadhali mtoto afunge daftari la biolojia, achore moyo na mishipa yake kwa kichwa, afungue, asahihishe alipokosea, arudie keshokutwa. Na hofu? Ikiwa kidogo, humwamsha. Ikimnyima chakula na usingizi wiki nzima, mzazi aache kumtajia matokeo ya binamu yake, na amwone mwalimu wa ushauri nasaha mapema.