Mawe ya Mkunazini: Kanisa Kuu la Kristo Zanzibar na Deni Letu kwa Ukweli

 

Mada yangu ni jengo moja la Mji Mkongwe: Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana, Mkunazini. Mgeni anayefika Unguja huambiwa kwamba kanisa hili limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa. Ni kweli. Lakini simulizi likikomea hapo, kanisa linabaki kuwa nishani ya Waingereza, na Waafrika wanatajwa kama watu waliouzwa na kukombolewa, basi. Hoja yangu ni kwamba watu hao hao ndio walioliunda kanisa hili, na jengo lenyewe linatoa ushahidi.

Tuanze kabla ya jengo. Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia Cambridge, na wito wake ukazaa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Safari ya kwanza, iliyoongozwa na Askofu Mackenzie hadi nyanda za Shire, iliishia katika maradhi na vifo. Mwaka 1864 mrithi wake, Askofu Tozer, aliihamishia misheni Unguja, akifuatana na Edward Steere. Huko Sultani Majid aliwakabidhi wavulana waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa mwanzo wa kanisa la Zanzibar. Miaka kadhaa ilipita kabla jiwe la kwanza halijawekwa, na kanisa tayari lilikuwepo: lilikuwa darasa la watoto walioporwa makwao.

Juni 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba na Uingereza, na soko la Mkunazini likafungwa. Mmisionari Arthur West alinunua sehemu ya uwanja huo, na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, akatoa sehemu nyingine. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa. Steere, aliyekuwa askofu mwaka 1874, alisimamia ujenzi mwenyewe, na kabla ya muongo ule kwisha, ibada zilikuwa zimeanza humo.

Hapa naomba tutazame paa. Steere hakuezeka kwa mbao. Alijenga kuba refu la zege lililochanganywa kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji ya Portland, likivuka upana wa takriban mita 8 na nusu bila nguzo katikati. Saruji ilitoka ng'ambo, lakini matumbawe ni jiwe la Unguja lenyewe, lile lile lililojenga nyumba na misikiti ya mji huu. Mtindo wa jengo una Ugothi wa Ulaya na una upinde wa Kiarabu. Ukiingia kwa mlango wa magharibi, karibu na mahali pa ubatizo, utaona nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Simulizi linasema mafundi walizigeuza askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Waongoza watalii hulisimulia hilo ili watu wacheke. Mimi naona humo jambo zito: ndani ya kanisa kuu la Waingereza, maamuzi ya mafundi wa hapa yamesimama mpaka leo, na hakuna aliyeyabomoa.

Steere alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya altare. Kaburi lake linajulikana. Tuwajue pia wengine. John Swedi, mmoja wa wavulana wa mwanzo wa misheni, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao, akapewa ukasisi mwaka 1890, na kuwa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hii. Mbweni, nje ya mji, wanawake na wanaume waliotolewa utumwani waliishi, wakalima na kusoma. Bila wao, paa lile lingefunika viti vitupu.

Sasa nigusie jambo linaloumiza. Chini ya jengo la Mtakatifu Monika, jirani na kanisa, wageni huoneshwa vyumba vya giza na kuambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo wakisubiri mnada. Wanahistoria wamelihoji dai hilo, kwa kuwa jengo hilo ni la misheni, lililojengwa baada ya soko kufungwa. Wapo wanaohofu kwamba kusema hivyo kunapunguza uzito wa mateso. Mimi nasema kinyume chake. Mateso yaliyotokea yanatosha, na hayahitaji kuongezewa. Anayetaka kuukana utumwa wa Zanzibar atashika kosa letu moja na kulitumia kukana yote.

Vivyo hivyo na neno ukombozi. Mwaka 1873 mnada ulifungwa, utumwa haukufungwa. Amri ya kuukomesha kisheria ilitolewa mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje yake hadi mwaka 1909. Kwa miaka mingi kengele ya kanisa hili ilisikika katika mji ambao bado ulikuwa na watumwa. Mtu anayesimulia habari za kanisa hili bila miaka hiyo amesimulia nusu.

Jengo limekarabatiwa katika miaka ya karibuni, na maonesho ya historia ya utumwa yamefunguliwa hapo. Ni kazi njema. Kazi iliyobaki ni yetu sisi wa vyuo. Baadhi ya kumbukumbu za misheni zimo katika Nyaraka za Taifa, Zanzibar. Wanafunzi wangu, nendeni mkazisome. Tafuteni walioponda matumbawe, waliofunzwa, waliobatizwa na waliokataa kubatizwa. Waandikeni kwa majina yao kila mnapoyapata, kwa Kiswahili, lugha ambayo Steere mwenyewe alijifunza kwa watu wa Unguja. Kanisa lililojengwa na watu walionyang'anywa majina linastahili historia inayowarudishia majina hayo.