Kutayarisha vijana wetu kwa intavyu za programu

Maneno tuliyotoa kwenye mkutano wa wanachama, upande wa Mashamba, Kolwezi



Mlituomba tueleze namna tunavyotayarisha vijana kwa zile intavyu ambamo mtu anaandikishwa programu mbele ya mainjinia. Tuanze na aibu yetu. Kikundi cha kwanza tulikitayarisha vibaya. Tuliwapa maulizo hamsini na majibu yake, wakayashika kwa kichwa kama katekismu. Binti mmoja, aliyesomea Zambia mpaka gredi ya 12, akaitwa na kampuni kubwa. Ulizo walilompa halikuwa kati ya yale hamsini. Akanyamaza mpaka wakamshukuru na kumfungulia mlango. Aliporudi alituambia: “Jibu nililiona, lakini Kifaransa ilinikimbia. Na ninyi hamukutuambia kama mutu anaweza kuuliza.” Kosa lilikuwa letu.

Kuna mzee aliuliza programu zinatuhusu nini sisi watu wa shaba. Mzee, angalia shimo la Mashamba. Jiwe likitoka pale linaenda kusagwa Kamoto, kisha linafika Luilu. Katika kazi za namna hiyo, mizani, mikanda na pampu zinatoa hesabu mchana na usiku, na lazima awepo mtu wa kuandika programu ya kuzisoma. Na si hapa tu. Microsoft ilifungua kituo chake cha mainjinia Nairobi mwaka 2019, na Google ikatangaza chake, Nairobi pia, mwaka 2022. Intavyu za makampuni kama hayo zinafuata njia moja: unapewa tatizo, unaandika, unaeleza.

Tuwaonyeshe tatizo moja, msifikiri ni uchawi. Una orodha ya uzito wa mizigo ya lori 1,000. Tafuta lori mbili ambazo mizigo yake pamoja inafanya tani 150 kamili. Kijana wa kwanza atachukua kila lori na kuilinganisha na zote zingine. Inafanya kazi, ila ni kulinganisha mara 499,500. Wa pili anafanya kama mama wa soko mwenye daftari la madeni. Lori ya kwanza ina tani 70. Anajiuliza, je, 80 imekwisha kuandikwa? Hapana. Basi anaandika 70 na kwenda kwa inayofuata. Akipita orodha mara moja tu, kazi imekwisha. Lile daftari ndilo wenye Python wanaliita kamusi.

Sasa mtego. Kama kuna lori moja ya tani 75, je, 75 na 75 si 150? Ndiyo, lakini lori ni moja! Anayeandika kwanza halafu ndipo atazame daftari ataihesabu mara mbili. Na kama orodha haina kitu ndani? Na kama uzito una desimali? Haya ndiyo mtu anatakiwa kuuliza kabla ya kugusa chaki. Anayekuuliza hatakasirika, maana mara nyingi anangojea hilo hasa.

Kwa hiyo tulibadilisha mazoezi. Kila Jumamosi kijana anasimama kwenye ubao, wenzake wanakaa kama wakubwa wa kampuni, na yeye anasema kwa sauti anachofikiri. Akinyamaza kidogo tu, tunagonga meza. Umeme ukikatika tunaendelea, kwani ubao hauhitaji umeme. Wale waliokulia Zambia tunawalazimisha kueleza kwa Kifaransa hata kama ni cha kuvunjika, lakini tunawakumbusha kwamba Python yote imeandikwa kwa Kiingereza. “While” na “if” kwao si maneno ya kushika kwa kichwa. Hapo wamewapita wenzao wengi wa hapa, na hawakujua.

Wafadhili waliuliza kama watununulie kompyuta kumi. Tulijibu kwamba mbili zinatosha kwa sasa, na kinachobaki kiende kwa mega za intaneti, petroli ya jenereta na nauli ya wale wanaotoka mbali. Kompyuta bila nauli inafundisha ukuta.

Tena kuna neno gumu. Baadhi yetu wanasema, hizo feza tumpe mtu wa ofisini ili jina la mtoto liingie kwenye liste. Tunaelewa toka wapi wazo hilo linakuja; mtu aliyerudi nyumbani na kukuta wengine katika kiwanja chake haamini milango ya mbele. Lakini sanduku la shirika halitatoa hata faranga moja kwa kazi hiyo. Hata jina likiingia, ubao unamngoja mtoto palepale na lori zake elfu moja, na ukaribu wa baba na mtu wa ofisi hautamwandikia hata mstari mmoja.

Yule binti amerudi kwenye mazoezi. Safari hii anakaa upande wa wakubwa, naye ndiye anayegonga meza kwa nguvu kuliko sisi. Ameitwa tena, na kampuni nyingine, mwezi ujao. Jumamosi hii ni zamu yake ya ubao, saa tatu asubuhi. Wazazi wanaotaka kuona waje, lakini wasimsaidie kujibu.