Tochi ya gesi: jua paipu kwanza, ununue baadaye

(Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wanagenzi wa ufundi wa mabomba, Sirisia. Tunaichapisha kwa sababu wazazi kadhaa waliohudhuria waliomba nakala.)



Wengi wenu mmeniona nikikimbia na kamera nyuma ya wakubwa. Nilisomea uandishi wa habari, sikusomea mabomba, na mwalimu wenu analijua hilo. Alinialika kwa sababu nina mdogo wangu ambaye ni fundi wa mabomba, na kwa sababu kifaa chake cha kwanza nilikinunua mimi. Pesa ile ilipotea. Nimekuja kuwaeleza ilivyopotea ili zenu zisifuate.

Alipokuwa akikaribia mtihani wa NITA wa gredi ya tatu, alinipigia simu. "Kaka, nitumie pesa ya tochi ya gesi. Bila tochi hakuna atakayeniita fundi." Tochi hiyo si ya kumulika njia usiku. Ni ile inayotoa mwali wa bluu wa kulehemu paipu, ambayo wengine huiita blotochi. Nilituma pesa. Akanunua tochi ndogo inayong'aa, ya kufungwa juu ya mkebe wa gesi. Miezi minne ikapita. Unajua aliitumia kwa kazi gani? Kuwashia jiko la makaa. Mama alifurahi sana.

Kosa la kwanza ni hilo. Paipu ambazo mdogo wangu alikuwa akiunga Sirisia, Malakisi na Chwele hazikuhitaji mwali. PPR huungwa kwa mashine yake ya umeme, kwa joto la digrii 260. Ile ya milimita 20 huhesabiwa sekunde 5, ya milimita 25 sekunde 7, kisha unasukuma na kushikilia bila kuzungusha. PVC huungwa kwa gundi. Paipu za chuma huchongwa nyuzi na kufungwa kwa katani au tepu nyeupe. Kijana aliyemaliza mafunzo leo na ana pesa ya kifaa kimoja tu, anunue mashine ya PPR. Hiyo ndiyo itakayomlisha hadi siku kazi ya shaba itakapokuja.

Na hapa niseme jambo ambalo wakubwa wenu kazini hawatalipenda. Kuna tabia ya kuchoma PVC kwa moto ili mdomo wake upanuke, kuokoa bei ya soketi. Paipu hiyo imedhoofika hapo ilipopanuliwa, na ikishika moto moshi wake una asidi inayounguza mapafu. Soketi ni bei ndogo. Vilevile, usipeleke mwali kwenye paipu ya chuma iliyopakwa zinki. Mvuke wa zinki hukuacha usiku mzima na homa na kutetemeka kama mtu wa malaria, na utatibiwa malaria ambayo huna.

Basi tochi ni ya nini? Ni ya shaba nyekundu, ile mafundi wanaita kopa. Utaikuta kwenye mitambo ya maji moto ya jua, kwenye hoteli, kwenye hospitali, na kwenye nyumba kubwa kubwa zinazojengwa Bungoma mjini na Kitale. Kazi hizo ni chache lakini zinalipa, na anayezijua vizuri huitwa kutoka mbali.

Mdogo wangu aliitwa. Nyumba ya wageni, mtambo wa jua juu ya paa, paipu ya milimita 28. Akapanda na tochi yake ya mkebe, asubuhi yenye upepo unaoteremka kutoka Mlima Elgon. Mwali ulikuwa unapeperuka. Shaba hunyonya joto haraka na kulisambaza, kwa hiyo upande mmoja ulipata moto na wa pili ukabaki baridi. Lehemu ikawa inajikunja vidonge vidonge na kudondoka. Mkebe nao ulizidi kupoa kadiri gesi ilivyotoka, mwali ukazidi kufifia. Alipofungulia maji, viungo vitatu vikavuja. Mwenye nyumba hakumlipa, na simlaumu. Kosa la pili: tochi ilinunuliwa mapema mno, na kazi ilipofika ikawa ndogo mno.

Tochi ya mkebe si mbaya. Kwa paipu ya milimita 15, ndani ya nyumba pasipo upepo, inatosha, na ni nyepesi kubeba kwenye bodaboda. Lakini ukitaka moja ya kukupeleka mbali, chukua ile yenye mpira mrefu unaounganishwa na mtungi wa gesi wa kilo 6. Gesi haiishi katikati ya kiungo, mkono wako hauchoki kwa sababu mtungi uko chini, na unaweza kubadilisha kichwa: kidogo kwa paipu nyembamba, kikubwa kwa nene.

Ukiwa dukani usitazame rangi. Shika kichwa chake. Cha shaba ya manjano, kizito, hukaa miaka. Cha bati lililokunjwa hupinda kwa joto. Zungusha kifungo cha gesi polepole: kinatakiwa kulegea kidogo kidogo, kisiruke kutoka sufuri hadi mwisho. Kibonyezo cha kujiwasha ni kizuri, ila ndicho huharibika kwanza, kwa hiyo usilipe pesa nyingi kwa sababu yake. Uliza kama vichwa na mipira ya ziada vinapatikana hapo hapo. Tafuta stika ya KEBS, chukua risiti, na mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Akikataa, shukuru na uende duka lingine.

Sasa regyuleta, na hapa mnisikilize vizuri. Ile ya jiko la nyumbani hutoa gesi kwa nguvu ndogo. Ukiifunga kwenye tochi kubwa utapata mwali mlegevu. Usiitatue kwa kuitoa na kufunga mpira moja kwa moja kwenye mtungi. Nunua regyuleta inayorekebishika, ya kiwango kilichoandikwa kwenye tochi yako. Kila ukiunganisha, paka maji ya sabuni kwenye viungo. Povu likitokea, funga gesi, kaza upya. Mtungi usimame wima. Ukiulaza, gesi iliyo maji maji hutoka na mwali hurukia mbali. Na gesi ununue kwa muuzaji mwenye leseni ya EPRA, si mtungi uliojazwa uani kwa mtu.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho kinanisumbua kuliko tochi yenyewe, nacho ni lehemu. Nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kwa redio na rejeta za magari, na zina risasi ndani. Risasi hiyo huingia kwenye maji ya kunywa taratibu, bila rangi wala harufu, na huharibu ubongo wa mtoto. Marekani ilipiga marufuku lehemu yenye risasi kwenye paipu za maji ya kunywa mwaka 1986. Omba ya bati na shaba, isiyo na risasi. Huyeyuka kwa joto la juu kidogo, karibu digrii 230, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na tochi yenye nguvu. Soma kibandiko wewe mwenyewe. Mwenye duka anaweza kuwa hajui.

Mengine mwalimu atawaonyesha: kusugua shaba kwa msasa hadi ing'ae, kupaka dawa ya kulehemu, kukausha maji yote ndani ya paipu maana tone moja huiba joto lote, kisha kuchoma kiungo chenyewe na si lehemu. Kiungo kikishapata moto, lehemu huvutwa ndani yenyewe. Mkiwa chini ya dari ya mbao, wekeni bati nyuma ya kiungo na ndoo ya maji karibu, na msiondoke mkimaliza. Mbao inaweza kufuka ndani kwa ndani na kuwaka mkiwa mmeshafika nyumbani. Kaeni nusu saa, au saa nzima, mkinywa chai ya mwenye nyumba.

Mdogo wangu alirudi kwenye ile nyumba ya wageni baada ya wiki tatu, na tochi ya kuazima, akaunga upya vile viungo vitatu bila malipo. Havijavuja hadi leo, na mwenye nyumba amemwita mara mbili tangu hapo.

Mwalimu ameandaa vipande vya shaba karakana, na tochi mbili: moja ya mkebe, moja ya mpira. Kila mmoja wenu ataunga kiungo kimoja kwa kila tochi, kisha tutavikata kwa msumeno tutazame ndani. Mimi nitaanza, mpate kucheka.