Namna ya Kusimamisha na Kutumia Redio ya Vali ya Masafa Mafupi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na makarani, Mbingu, Bonde la Kilombero)



Tumetakiwa na Halmashauri tuseme maneno machache juu ya redio ya zamani iliyo mali ya chama, ile ya vali nne iendayo kwa betri. Twajua ya kuwa wako wanachama wenye shauri la kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, maana, wasema, kila mtu ana simu mfukoni. Shauri hilo si la kudharauliwa. Walakini si vema kuuza chombo kabla ya kuijua kazi yake. Kwa hiyo tutaeleza kwanza jinsi kinavyosimamishwa na kutumiwa, ndipo tutakapotoa neno letu juu ya kuuza au kutouza.

Kwanza twapenda mkumbuke tulikotoka. Martin Kayamba na wenzake walipounda chama cha Waafrika watumishi wa serikali mjini Tanga mwaka 1922, hapakuwa na redio ya kusikilizwa katika nchi hii. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilitoka mara moja kwa mwezi. Matangazo yalianza Nairobi mwaka 1928, lakini yalifanywa kwa ajili ya Wazungu. Waingereza walianza kuyatangazia makoloni yao kwa masafa mafupi tarehe 19 Desemba 1932, kwa lugha yao wenyewe. Dar es Salaam haikupata kituo chake hata mwaka 1951, na BBC haikuanza kutangaza kwa Kiswahili hata Juni 1957. Basi kwa miaka mingi karani aliyejua Kiingereza na kupata nafasi ya kukaribia redio ndiye aliyekuwa sikio la jirani zake.

Chombo chenyewe nacho kilikuwa ghali. Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, afisa wa khabari Harry Franklin alifaulu kuishawishi kampuni ya Ever Ready kufanya redio ya betri kwa ajili ya Waafrika. Mwili wake ulikuwa wa bati mfano wa sufuria, ikaitwa Saucepan Special, ikauzwa kwa paundi 5, na betri yake kwa paundi moja na shilingi tano, yenye kudumu kama saa 300. Redio yetu ni ya ukoo huo: vali nne, volti 90 za kuendesha sauti, na volti moja na nusu ya kutia moto nyuzi zilizo ndani ya vali.

Sasa tutazame kwa nini masafa mafupi yatufaa sisi tulio hapa. Mawimbi ya simu na ya redio za FM huenda kwa mstari ulionyooka kama mwanga wa tochi. Yakikuta mlima wa Udzungwa, husimama, kwa hiyo sharti pawe na mnara karibu. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda juu, yakakuta tabaka la hewa lililotiwa umeme na jua, yakarudishwa chini mbali sana. Mtaalamu Edward Appleton alilithibitisha tabaka hilo kwa majaribio yaliyoanza mwaka 1924, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Kwa hiyo twaweza kusema pasipo mzaha ya kuwa mawimbi hutoka mbinguni yakashuka Mbingu. Nairobi ni zaidi ya kilomita 700 kutoka hapa, na London zaidi ya 7,000. Lakini sauti ya London hufika kabla sehemu ya ishirini ya nukta moja haijapita, wala haiombi ruhusa ya mlima.

Basi tuingie katika kazi.

Neno la kwanza ni ukaguzi. Redio iliyolala miaka mingi isiwashwe mara itolewapo stoo. Ifunguliwe mgongo, itolewe vumbi kwa brashi laini, na kutazamwa kama nyigu wamejenga ndani au panya wamekula nyaya. Bonde letu lina unyevu mwingi, na kapasita za karatasi zilizopakwa nta hunywa unyevu huo, zikavujisha umeme na kuziua vali. Fundi azibadilishe, moja baada ya moja, akichora kwanza mahali pa kila waya. Haraka haraka haina baraka.

Mwenye redio ya vali iendayo kwa umeme wa ukutani na awe na hadhari mara mbili. Ndani yake mna volti za kuua mtu, na kapasita kubwa hukaa na umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Tena ziko redio ambazo bati lake la ndani limeungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Mwenye kuligusa amegusa waya wenyewe. Kazi hiyo ni ya fundi, si ya karani mwenye bisibisi.

Neno la pili ni betri. Betri za volti 90 haziuzwi tena madukani mwetu, lakini dawa yake ni nyepesi: yachukuliwe mawe 10 ya volti 9, yaungwe kwa kufuatana, chanya kwa hasi, nazo jumla ni volti 90. Kwa nyuzi za vali latosha jiwe moja kubwa la volti moja na nusu. Hapa pana hatari kuu ya redio za namna hii. Nyaya zikibadilishana, volti 90 zikaingia penye volti moja na nusu, vali zote nne huungua pamoja kufumba na kufumbua, na vali mpya hazipatikani Ifakara. Kwa hiyo fanyeni hivi: ng'oeni vali zote kwanza, ungeni betri, pimeni kwa mita katika matundu ya nyuzi, mkiona volti moja na nusu, wala si zaidi, fungueni betri, rudisheni vali, ndipo muunge tena. Kazi hii huchukua robo saa, nayo huokoa redio nzima.

Neno la tatu ni antena. Waya wa shaba wa mita 15 hivi unatosha, nao utundikwe juu kadiri iwezekanavyo, mita 6 au 8, baina ya mti na nguzo. Ukitandazwa toka mashariki kwenda magharibi, utasikia vizuri vituo vilivyo kaskazini, kama vile vya Ulaya. Kila mwisho wa waya uwe na kikombe cha kauri. Kikikosekana, shingo ya chupa yafaa. Upande wa mti, kamba ipitishwe juu ya tawi na kufungwa jiwe zito mwishoni, ili mti ukiyumba waya usikatike. Waya ushukao nyumbani uinamishwe kidogo kabla ya kuingia dirishani, maji ya mvua yadondoke nje. Wala antena isipite juu au chini ya nyaya za umeme, wala karibu nazo kiasi cha kuweza kuziangukia.

Waya wa ardhi nao usisahauliwe. Bomba la chuma au la shaba la mita moja na nusu lipigiliwe penye udongo wenye unyevu, na wakati wa kiangazi limwagiwe maji. Baina ya antena na bomba hilo, nje ya dirisha, pawekwe swichi ya kuiunganisha antena na ardhi kila wakati redio isiposikilizwa. Mwajua ngurumo za bonde hili zinavyokuja kutoka mlimani. Swichi igeuzwe wingu linapojikusanya, kabla ngurumo haijasikika. Radi ikiwa imekwisha karibia, mtu asiende kuigusa swichi wala waya. Bora redio iungue kuliko karani.

Neno la nne ni kutafuta vituo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka kituo cha mbali sharti azungushe kifundo polepole, upana wa unywele kwa unywele. Redio za zamani huonyesha mita, na ratiba za siku hizi huonyesha kilohezi. Hesabu yake ni hii: gawanya 300,000 kwa kilohezi, upate mita. Kilohezi 6,000 ni mita 50, na kilohezi 12,000 ni mita 25. Mchana, jua likiwa juu, sikilizeni katika mita bendi 25, 19 na 16. Jua likishuka, njoni katika 31. Usiku, nendeni katika 49 na 60. Sauti ikija na kwenda kama maji ya pwani, si ubovu wa redio, bali tabaka la juu linabadilika.

Mara nyingine kituo kimoja chenye nguvu husikika mahali pawili. Katika redio nyingi za namna hii tofauti ya mahali hapo ni kilohezi 910 au karibu yake. Kwa desturi cha kweli ni kile cha namba ya juu. Kile cha chini ni kivuli chake. Tena redio ikinguruma pasipo sababu, zimeni chaja za simu, taa za LED na mitambo ya sola iliyo karibu. Mara nyingi kelele hutoka huko.

Ratiba za vituo huandikwa kwa saa ya kimataifa, na wengi hukosea hapo. Kanuni ni rahisi: toa 3, utapata saa yetu ya Kiswahili; ikizidi 12, toa 12 tena. Ikiandikwa 0400, ni saa moja asubuhi. Ikiandikwa 1800, toa 3 ubaki na 15, toa 12 ubaki na 3: saa tatu usiku. Ratiba hizo hubadilishwa mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba. Ratiba iliyopitwa na majira yake ni karatasi tu.

Neno la tano ni daftari, nalo ndilo lituhusulo hasa sisi tulio makarani. Pawe na daftari lenye safu sita: tarehe, saa, kilohezi, jina la kituo, ubora wa sauti kwa alama ya 1 hata 5, na yaliyosikiwa. Msikilizaji aandike alilolisikia, si alilolidhani. Asiposikia vema, aandike hivyo. Khabari iliyo kubwa isitangazwe kwa watu mpaka isikiwe katika kituo cha pili, au katika kituo kile kile kwa mara ya pili. Asikiaye peke yake mahali ambapo wengine hawasikii ameshika amana, na aongezaye neno lake katika khabari amewaibia wote waliomwamini.

Sasa twarudi kwa shauri la kuuza. Hatutaficha ya kuwa vituo vya masafa mafupi vimepungua sana. BBC yenyewe iliacha kuitangazia Amerika ya Kaskazini kwa njia hiyo mwaka 2001, na vingine vingi vimefuata. Wala betri si bure: redio ikila miliampea 10, mawe 10 ya alkalini yatadumu kama saa 50 tu. Wenzetu wasemao ya kuwa simu ni rahisi zaidi wamesema kweli, maadamu mnara umesimama na una umeme.

Lakini mvua za mwaka 2024 zilileta mafuriko katika mikoa mingi ya Tanzania, Morogoro ukiwa mmojawapo, na sisi wa bonde hili hatuhitaji kufundishwa maji yawezavyo kuifanya barabara. Siku ambayo umeme umekatika na mnara umenyamaza, simu zote za kijiji hunyamaza pamoja. Redio hii haiulizi mnara wala TANESCO. Yataka waya, bomba, na mawe 11. Bei ya bati lake kwenye mizani ya vyuma chakavu haitanunua chombo kingine cha kazi hiyo.

Kwa hiyo twatoa shauri hili lipigiwe kura. Redio isiuzwe sasa. Ijaribiwe kwa miezi mitatu, saa moja kila jioni, kwa seti mbili za betri zitakazonunuliwa na chama. Wachaguliwe wanachama wawili wa kuisimamia, mmoja wa chombo na mmoja wa daftari, na swichi ya radi iwekwe kabla ya jioni ya kwanza. Mwisho wa miezi hiyo daftari lisomwe mbele ya mkutano. Likiwa tupu, sisi wenyewe tutaibeba redio mpaka kwenye mizani. Likiwa na khabari za kuwafaa watu, basi itakuwa imejisemea yenyewe, wala hapatahitajika hotuba nyingine.