Kumchagua Mtunza Hesabu za Kodi Aliye Mwaminifu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama waliokutana Isevya, Tabora)



Bwana Katibu aliponiandikia barua kuniomba niseme neno juu ya kodi na watunza hesabu, nalisita kidogo, maana nalijua ya kwamba siwezi kulieleza jambo hili vema pasipo kuieleza aibu yangu mwenyewe. Lakini nimeona ya kuwa aibu ya mtu mmoja, ikiweza kuwakinga wengi, haifai kufichwa.

Sisi makarani tuna kiburi chetu. Kazini twahesabu fedha za watu wengine mpaka senti ya mwisho. Mishahara yetu hukatwa kodi na mwajiri kabla haijatufikia mkononi, basi twadhani habari ya kodi imekwisha. Walakini wengi wetu wana kazi ya pembeni: huyu ana duka, huyu mashine ya kusaga, huyu mizinga ya nyuki msituni. Faida ya kazi hizo haikatwi na mwajiri. Sheria yamtaka mwenyewe aitangaze. Hapo ndipo mtu hutafuta mhasibu wa kumsaidia, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Mji wetu huu walijua jambo hili tangu zamani. Katika siku za misafara, mali ilipotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, haikupita Ugogo pasipo kulipa hongo, nayo ililipwa kwa nguo na shanga. Tufikiri tajiri mmoja aliyemtuma mtu wake kwenda kupatana na mtemi. Mtu yule akiwa mwaminifu, mtemi hupata haki yake na msafara hupita. Akiwa mwizi, humwambia tajiri ya kuwa mtemi ataka doti 20, humpelekea mtemi doti 12, na 8 huzificha katika mzigo wake mwenyewe. Je, mtemi akikasirika, humzuia nani? Humzuia mwenye msafara, maana mali ni yake na jina ni lake. Mabwana, likumbukeni neno hili, kwa kuwa sheria ya kodi ya leo hufanya vivyo hivyo. Waweza kumpa mtu mwingine kazi ya kuandika hesabu zako, lakini huwezi kumpa deni lako.

Sasa nitaeleza yaliyonipata. Nalikuwa na mashine ya kusaga hapa Isevya, niliyoinunua kwa akiba ya miaka mingi. Rafiki mmoja akanijulisha kwa kijana mwenye maneno matamu, aliyejiita mtaalamu wa kodi. Sikumwuliza cheti, wala sikumwuliza ofisi yake ilipo. Neno moja tu lilinivuta: aliniambia, “Mzee, kwangu mimi utalipa nusu ya wanayolipa wenzako.” Nalifurahi. Kila mwaka nalimpa fedha taslimu, naye akaniletea karatasi zenye mihuri. Nalizitia katika sanduku pasipo kuzisoma, mimi niliyezoea kumrudishia tarishi vocha kwa kosa la tarehe!

Mwaka wa nne ikaja barua kutoka ofisi ya kodi. Hapakuwa na hesabu yo yote iliyopelekwa kwa jina langu, wala hapakuwa na shilingi iliyopokewa. Mihuri ile ilikuwa ya uongo. Nalidaiwa kodi ya miaka mitatu, pamoja na riba na adhabu. Kijana yule alikuwa amekwisha kuhama mji. Nalimweleza afisa habari yote, naye akanisikiliza kwa upole, kisha akaniuliza swali moja: “Alipokuahidi nusu, ulidhani nusu nyingine inakwenda wapi?” Sikuwa na jibu. Mashine iliuzwa ili deni lilipwe.

Mabibi na Mabwana, nimelifikiri swali hilo kwa muda mrefu. Kweli niliibiwa, lakini mwizi yule nalimchagua mwenyewe, nami nalimchagua kwa sababu aliniahidi kunisaidia kuiibia Serikali. Mtu aliye tayari kusema uongo kwa ajili yako, ana uongo wa kutosha kwa ajili yako na juu yako pia. Basi sharti la kwanza la kumpata mtu mwaminifu ni kumwendea kwa kazi ya uaminifu.

Sasa nitataja mambo ambayo yapasa kuangaliwa.

Kwanza, tazameni usajili wake. Nchi yetu ina Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1972, nayo huandikisha wahasibu. Tena Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 yamtaka mshauri wa kodi asajiliwe na Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato. Mwombeni namba yake ya usajili, kisha iulizeni kwa wenye daftari, si kwake yeye. Cheti kilichotundikwa ukutani si ushahidi wa kutosha. Usajili haumgeuzi mtu kuwa malaika, lakini aliyesajiliwa akikosa, yuko wa kumshitakia, na jina lake laweza kufutwa. Asiyeandikwa po pote, nani atamfuta?

Pili, sikilizeni namna anavyouliza. Mhasibu mwema ni kama mganga wa hospitali: huuliza kabla ya kutoa dawa. Atataka kujua mauzo yako, manunuzi, kodi ya pango, na kama una mshahara mahali pengine. Jambo hili la mshahara si dogo. Jedwali la kodi la wafanyabiashara wadogo liliwekwa kwa mtu ambaye pato lake lote latoka katika biashara. Karani mwenye mshahara na duka pamoja yampasa apate shauri lililo sawa na hali yake. Mtu akikutajia kiasi cha kodi yako kabla hajaona karatasi hata moja, mshukuru, ushike kofia yako, uende zako.

Tatu, fedha ya kodi isipite mkononi mwake. Haya ndiyo makubwa kuliko yote. Ujira wake mlipe yeye, naye akupe stakabadhi. Lakini kodi hulipwa kwa namba ya malipo iliyotolewa na Mamlaka, kwa njia ya benki au simu, nawe waweza kuilipa mwenyewe na kuona jina la anayepokea. Mhasibu anayesema, “Nipe taslimu, nitakulipia,” hata akiwa shemeji yako, mwambie hapana. Mwaminifu hataona uchungu, kwa kuwa desturi hiyo humkinga yeye pia asidhaniwe vibaya.

Nne, karatasi ni zako. Sheria ile ya mwaka 2015 yataka kumbukumbu zitunzwe muda wa miaka 5 kwa uchache. Mhasibu na achukue nakala. Asili zikae nyumbani kwako. Kila hesabu inayopelekwa, isomeni kabla ya kuitia sahihi, na baada ya kupelekwa, ombeni ushahidi kwamba imepokewa. Tieni akilini na siku za mwaka: kwa mtu ambaye mwaka wake wa hesabu huisha tarehe 31 Desemba, hesabu ya mwisho yatakiwa kabla ya kwisha miezi 6, yaani mwisho wa Juni. Msikubali kamwe kutia sahihi karatasi tupu, wala kumwachia mtu neno la siri la kufungulia habari zenu za kodi. Sisi makarani twajua sahihi ni nini.

Tano, patanieni ujira kwa maandishi, kwa kadiri ya kazi. Anayetaka ujira wake uwe sehemu ya kodi “aliyoipunguza,” huyo amejiwekea sababu ya kudanganya, na adhabu itakuwa yako.

Labda mtu ataniuliza, “Mzee, haya yote ni gharama, je, faida yake nini?” Nitamjibu kwa hesabu. Katika jedwali la wafanyabiashara wadogo la mwaka 2019, mtu ambaye mauzo yake ya mwaka yalizidi shilingi 4,000,000 wala hayakupita 7,000,000 alitozwa shilingi 100,000 ikiwa hakutunza vitabu. Aliyetunza vitabu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi 4,000,000. Basi mwenye mauzo ya shilingi 5,000,000 na daftari safi alilipa shilingi 30,000, na jirani yake asiye na daftari alilipa 100,000. Tofauti ni shilingi 70,000, nayo ni halali, haina muhuri wa uongo, wala haimkoseshi mtu usingizi. Huko ndiko kupunguza kodi kwa haki, na mhasibu mwema atakufundisha hayo kabla ya yote.

Nina neno moja la kumalizia. Bwana Martin Kayamba na wenzake walipokianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, walitaka makarani wakutane na kuelimishana. Hawakuwa na mali nyingi. Mali yao ilikuwa kalamu, na imani ya watu kwamba kilichoandikwa na kalamu ile ni kweli. Mali hiyo tungali nayo. Yasitupate ya fundi seremala ambaye nyumba yake haina mlango, tukawa watu wa kulinda daftari za wengine na kuziacha zetu kwa mpita njia.

Naomba shauri hili liandikwe katika kumbukumbu za mkutano: mwanachama akitaka mhasibu, asione haya kuuliza wenzake hapa kwanza, nasi tumjibu kwa kweli tuliyoiona, mema na mabaya. Laiti mimi ningaliuliza, mashine ile ingalikuwa inasaga hata leo.