Ukishalipa Kodi ya Chumba, Umebakiza Kulipa Nini?

(Maneno yaliyotolewa kwenye kikao cha kamati za parokia, Mbwemkuru)



Wenzetu wa Ulaya wakipanga nyumba huuliza kwanza gharama ya kuipasha joto wakati wa baridi. Hapa Nachingwea na Ruangwa, nani atawasha moto chumbani mwezi wa Novemba? Sisi tunatafuta feni. Hata hivyo swali lao ni letu pia, na sisi tulijifunza kwa aibu kidogo.

Tunapangisha vyumba vinne vyenye mita moja ya LUKU. Wapangaji walikuwa wakinunua umeme kwa zamu. Aliyenunua mwanzoni mwa mwezi alipata uniti nyingi, na aliyenunua tarehe 25 kwa fedha zile zile akapata chache mno. Wakaanza kutuhumiana wizi, mmoja akahama. Kamati ilipokaa kusuluhisha ikakuta hakuna mwizi.

Sababu ni bei yenyewe. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Wapangaji wanne wakitumia uniti 25 kila mmoja, jumla ni uniti 100. Zile 75 za kwanza ni shilingi 7,500, na 25 za mwisho peke yake ni shilingi 8,750! Kila mmoja angekuwa na mita yake, wote wanne wangelipa shilingi 10,000 tu badala ya 16,250. Kwa hiyo siku hizi wanachanga pamoja, hasara ya zile uniti za mwisho wanaibeba wote.

Jambo la pili ni kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kodi hii ni ya mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni yule anayenunua umeme. Na nyumba ikikaa miezi minne bila kununuliwa umeme, mpangaji mpya hukuta deni la shilingi 6,000 linamsubiri. Tukajiuliza, sisi wenye vyumba tumewalipisha wapangaji wetu kodi yetu kwa muda gani? Tumekubaliana kupunguza shilingi 18,000 kwa mwaka katika kodi ya pango, wagawane wenyewe.

Kuhusu matumizi, feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi usiku kucha haimalizi uniti moja. Jiko la umeme la wati 1,000 huimaliza kwa saa moja. Tusiwagombeze vijana kwa feni. Mkaa na maji kila mtu hujinunulia, hapo hakuna ugomvi.

Kilichobaki mbele ya kamati ni mita za pekee. Fedha za pango zilizopo zinatosha vyumba viwili, na bado hatujaamua vianze vipi.